Kufungua eksozi ya pikipiki ya EFI ukiwa Mbeya: ziba uvujaji kwanza, mafuta baadae

Nianze na la kuudhi ili anayetaka kuondoka aondoke mapema: eksozi haitakurudishia pumzi ambayo mlima umekunyima. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, msukumo wa hewa hapa ni kilopaskali 82 hivi wakati Dar ni 101, kwaiyo kila pistoni inaposhuka inavuta hewa pungufu, na hewa ikipungua mafuta nayo yanapunguzwa na nguvu zinaondoka. Hakuna kopo la eksozi la laki tano litakalobadilisha hilo. Ukitoa kopo zito la kiwandani ukaweka jepesi unapata nguvu farasi moja, mbili ukibahatika, unapunguza kilo kadhaa nyuma, na unapata mlio. Basi. Kama hiyo inakutosha twende.

Naongelea pikipiki za EFI, yani zile za nozeli na kontrol boksi, ile kompyuta ndogo inayopanga mafuta. Wewe mwenye Boxer ya kabureta mambo yako ni marahisi zaidi: jeti iliyokuja nayo, kile kitundu cha kupitishia mafuta, mara nyingi imepangwa kwa ajili ya mtu wa bondeni, huku kwetu inamwaga mafuta mengi, plagi inakuwa nyeusi kama chungu cha kuchemshia makande, unashusha namba ya jeti kubwa kidogo, unacheza na skrubu ya hewa, umemaliza. EFI haina huo ugonjwa kwa sababu ina sensa ya msukumo wa hewa kwenye njia ya kuvutia, ukipandisha mlima wa njia ya Chunya inapunguza mafuta yenyewe, ukishuka Kyela inaongeza yenyewe, wewe hujui chochote unaimba tu ndani ya helmeti.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nina Honda CRF250L, niliinunua mtumba, eksozi yake ya kiwandani nzito kama jiwe la kusagia. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa kuchomelea, mzee wa watu ana mkono mzuri sana kwenye mageti na madirisha. Akaniuliza, "Kijana wangu, unataka mlio wa aina gani?" Nikamwambia mzee nataka mnene. Akachukua bomba la milimita 50, akalikata, akalichomelea, pale kwenye maungio akapaka silikoni nyekundu ili isivuje. Ikalia kweli, kutoka pale mpaka Mafiati watu wanageuza shingo. Shida ikaanza nilipokutana na mlima wa kwanza, chini ya mizunguko 4,000 kwa dakika pikipiki haina kitu, imegoma kama punda, na kila nikiachia resi inapasua fataki pa pa pa kule nyuma. Wajuzi wa kijiweni wakasema hayo ni mafuta kidogo, ongeza. Nikatafuta kale kaboksi ka kuongeza mafuta nikafunga, nikaongeza. Ikazidi kupasua, na sasa ikaja na moshi mweusi, ulaji ukatoka kilomita 30 kwa lita ukafika 22. Nikaongeza tena! Mwezi mzima nahangaika, tatizo liko kwenye ufa ambao ningeuziba kwa gasketi ya hela ya chai.

Ngoja niieleze vizuri hii maana ndio moyo wa jambo lote. Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo mle ndani ya bomba panakuwa na mvuto. Kama kuna ufa kwenye shingo ya eksozi, hewa safi inaingia pale. Sensa ya oksijeni imekaa mbele kidogo tu ya hapo, kazi yake ni kunusa oksijeni iliyobaki kwenye moshi, sasa inanusa hewa ya mtaani iliyoingia kwa mlango wa uani, inaiambia kontrol boksi "huku mafuta hayatoshi". Boksi nayo ni mtiifu, inaamuru nozeli imwage zaidi. Mafuta ya ziada hayaungui yote, yanatoka yakiwa mabichi, yanakutana na ile hewa ya ufa kwenye bomba la moto, yanalipuka. Mimi nasikia mlipuko naongeza mafuta. Yani nilikuwa namnywesha gongo mtu ambaye tayari amelewa.

Na ile silikoni nayo ilifanya yake. Silikoni za kawaida zikipata joto zinatoa mvuke unaoua sensa ya oksijeni polepole. Taa ya injini ikawaka. Kwenye Honda nyingi taa ile inahesabika, unaweka stendi ya pembeni, unawasha swichi bila kuwasha injini, unaangalia inavyoblinki: blinki ndefu moja ni 10, fupi moja ni 1. Yangu ikapiga ndefu mbili na fupi moja, 21, ambayo ni sensa ya oksijeni yenyewe. Ukipata 23 ni hita yake, hapo mara nyingi ni waya umekatika au umeyeyuka kwa kugusa bomba, angalia waya kwanza kabla hujaenda kununua sensa.

Kwaiyo siku hizi nikifanya ya kwangu au ya rafiki naenda hivi.

Kufungua eksozi ya zamani kunataka subira. Zile stadi mbili za kwenye kichwa cha injini, yani bolti zisizo na kichwa zinazoshika shingo ya eksozi, zimeshapikwa na joto miaka na miaka, na mvua zetu za Rungwe zimeshazila kutu. Ukivamia na spana ndefu unakata stadi ikiwa ndani ya kichwa cha aluminiamu, na hapo umetoka kwenye kazi ya jumamosi moja umeingia kwenye kazi ya kushusha kichwa. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu usiku, lala, asubuhi washa injini dakika mbili tatu ipate uvuguvugu isiwe moto wa kuunguza, zima, afu legeza nati nusu raundi, irudishe robo, legeza tena. Ukihisi inazunguka kama mpira bila kulegea acha, pulizia tena, kunywa chai. Chomoa soketi ya sensa ya oksijeni kabla hujavuta bomba, watu wanaisahau wanakata waya.

Ile gasketi ya pete iliyo kwenye tundu la moshi tupa. Usiseme bado nzima. Inakuwa imeshabondeka kwa umbo la bomba la zamani, ukiweka bomba jipya haikai, na huo ndio ufa ninaouongelea. Zinauzwa, Mwanjelwa ukizunguka kwenye maduka ya spea hukosi ya saizi yako, nenda na ya zamani mkononi upimishe.

Sasa bomba. Kama pesa inaruhusu nunua kopo la nyuma tu lililotengenezwa kwa pikipiki yako, unaliunganisha na bomba la mbele la kiwandani, umemaliza na huhitaji kugusa mafuta kabisa, hii naisema kwa herufi kubwa kichwani mwangu: UKIBADILISHA KOPO LA NYUMA TU, mara nyingi kontrol boksi inajimudu. Kazi ya mafuta inakuja ukibadilisha mfumo mzima kuanzia shingoni, au ukiondoa masega, au ukifungua na boksi la chujio la hewa. Nikisema masega ni yale yale wanayoiba kwenye magari, yale matundu ya kusafisha moshi. Ukiyaondoa moshi unakuwa mchafu zaidi, na harufu yake utaisikia mwenyewe ukiwa kwenye foleni, mimi safari ya pili niliyaacha na sijaona nilichopoteza.

Kama unatengenezesha mtaani, upana wa bomba usizidi sana ule wa kiwandani. Ile 50 yangu ndiyo iliyoniua chini ya mizunguko 4,000, moshi ukiingia kwenye bomba pana unapoteza mwendo, ule mvuto wa kusaidia kusafisha silinda unakufa, na sisi huku nguvu ya chini ndiyo tunayoihitaji maana maisha yetu ni kupanda, sio kukimbizana kwenye lami iliyonyooka. Nilirudi kwenye 38 nikaipata pikipiki yangu. Pia mwambie fundi asikuletee bomba la maji lile lenye zinki, ni zito, na likichomelewa linatoa moshi mweupe wenye sumu, fundi atalala usiku na homa na baridi akidhani ni malaria. Stenlesi ni nzuri, chuma cha kawaida nacho kinafanya kazi ila kitaoza kwa kutu.

Na eksozi ikachomelewe ikiwa chini, imetolewa. Kuna watu wanachomelea ikiwa imefungwa kwenye pikipiki ili "ikae kwenye lengo lake", umeme wa mashine ya kuchomelea unapita kwenye fremu unatafuta njia, njia yenyewe ni waya za kontrol boksi. Kama lazima ishikizwe kwa nukta mbili ikiwa juu, chomoa betri na chomoa soketi ya kontrol boksi, waya wa ardhi wa mashine uwekwe kwenye eksozi yenyewe karibu kabisa na anapochomelea. Usiniambie umezima swichi.

Nati ya kuishikia sensa kwenye bomba jipya iwekwe mahali pale pale ilipokuwa kwenye bomba la zamani, pima kwa futi, na sensa iangalie juu kwa kulala kidogo, isielekee chini hata siku moja. Asubuhi za Uyole mwezi wa saba bomba linajaa maji ya mvuke, yakituama kwenye sensa yenye hita ndani yake inapasuka kama glasi iliyomiminiwa maji ya moto. Ikae kabla ya masega, sio baada.

Ndani ya kopo kuna bomba la matundu limezungushiwa pamba ya kioo. Hii pamba inachakaa, mlio unakuwa wa debe, badilisha. Kuna jamaa yangu aliweka zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ilikaa kimya vizuri kama wiki, afu zikaungua zote zikatoka nyuma kama cheche za grenda, gizani anaonekana anapita kama treni ya makaa. Ukitaka kuweka chuma weka nyuzi za stenlesi safu ya ndani, juu yake ndio pamba ya kioo, na vaa glavu na barakoa, ile kitu inawasha.

Umefunga. Kaza nati mbili kwa zamu, kidogo kidogo, huku kidogo kule kidogo, sio unakaza kama gurudumu la fuso. Sasa kabla hujawaza mafuta, tafuta uvujaji. Injini ikiwa ya baridi iwashe, kunja kitambaa kinene kilicholowa, vaa glavu, ziba mdomo wa nyuma sekunde chache. Kama eksozi imeziba vizuri injini inakosa pumzi inataka kuzima. Kama kuna ufa utasikia tsss tsss. Ukishazima na bomba halijapata moto paka maji ya sabuni kwenye maungio, rudia, mapovu yatakuonyesha. Baada ya siku mbili tatu za kutembea angalia tena, ufa unaacha alama ya masizi meusi, hausemi uongo.

Kama hakuna ufa na bado inapasua ukiachia resi kwenye mteremko, angalia kama pikipiki yako ina ule mpira mdogo unaopeleka hewa safi kutoka kwenye chujio kwenda kwenye tundu la moshi. Nyingi zinao, ni kwa ajili ya kuunguza mabaki ya moshi. Kwa eksozi ya kiwandani husikii, ukifungua eksozi unasikia kila kitu. Fataki kidogo za namna hiyo hazina madhara, mimi nimeziacha.

Hapo ndio tunafika kwenye mafuta, na cha kwanza ni kupima, sio kuongeza. Petroli inaungua sawasawa kwa uzito wa hewa 14.7 kwa uzito mmoja wa mafuta. Sensa ya kiwandani inajua kitu kimoja tu, kama uko juu au chini ya hapo, volti zake zinarukaruka kati ya 0.1 na 0.9, katikati ni 0.45, haiwezi kukuambia uko mbali kiasi gani. Ukitaka namba halisi unahitaji geji ya waidibendi na sensa yake. Bei imechangamka, kwaiyo changeni watu watatu wanne, inafungwa kwenye pikipiki moja ikimaliza inahamia nyingine. Wanaosoma rangi ya plagi siwakatazi, nyeupe kavu ni mafuta kidogo, kahawia ni sawa, masizi ni mengi, ila kwa EFI na petroli za siku hizi rangi inachelewa na inadanganya, mimi naitumia kama ushahidi wa pili.

Elewa pia kwamba kontrol boksi ina tabia mbili. Ukitembea mwendo wa kawaida resi imetulia inamsikiliza sensa na kujirekebisha yenyewe kwenye 14.7, hapo ukiongeza mafuta kwa kaboksi boksi linayatoa tena, mnavutana shati. Ukifungua resi sana inaacha kumsikiliza sensa inafuata jedwali lake la kiwandani, na jedwali hilo halijui kwamba umebadilisha eksozi. Hapo ndipo penye kazi yako, resi kuanzia nusu kwenda juu. Ukiwa umefungua kabisa unataka namba iwe kati ya 12.8 na 13.2 hivi. Ukiona 14 na kitu kwenye mlima resi yote, hiyo ni hatari, injini inapata joto. Ukiachia resi namba inapaa mpaka mwisho wa geji, usishtuke, boksi limekata mafuta makusudi.

Kaboksi kama Power Commander kanakaa katikati ya kontrol boksi na nozeli, kanarefusha au kufupisha muda wa nozeli kufunguka kwa asilimia. Anza na sifuri kila mahali. Tembea, andika namba. Ongeza asilimia 3 pale tu palipo pungufu, tembea tena. Kwangu baada ya kuziba ufa nilihitaji 4 kwa resi robo tatu na 6 kwa resi yote, kule chini nimeacha sifuri, na kumbuka nilikuwa nimefika 15 kila sehemu kipindi kile cha ujinga. Kile kirezista cha shilingi mia tano cha kuidanganya sensa ya joto la hewa ili boksi lidhani kuna baridi, usiweke, kinaongeza kote bila kuchagua.

Sailensa, yani mzunguko wa injini ukiwa umeachia resi, usiiguse kwa skrubu ya kwenye mdomo wa hewa, ile kwenye nyingi imefungwa kiwandani na ndiyo sifuri ya sensa ya resi. Ikishuka sana au ikiwa inazima safisha mdomo wa hewa, utaona ilikuwa uchafu.

Pa kujaribia sasa. Mlima Nyoka hapana, jamani, pale malori yanashuka breki zikinuka, wewe macho yako kwenye geji. Kwa resi iliyotulia mimi nashuka mpaka bonde la Usangu, ule mnyoofu wa Igurusi kwenda Chimala, unatembea dakika 20 kwa mwendo mmoja. Kwa mlima natumia Kawetere njia ya Chunya jumapili asubuhi, gia ya tatu, injini imeshapata moto kamili, na mwenzangu yuko nyuma na pikipiki yake. Kusoma namba ukiwa unaendesha hapana, nunua geji inayorekodi au funga simu irekodi video ya geji, mkasome mkiwa mmesimama. Jaza tenki kituo kimoja siku zote za majaribio, petroli ya chupa ya njiani itakuharibia hesabu.

Watu wananiuliza, ukirekebisha Mbeya ukashuka Matema si itaharibika? Kule Ziwa Nyasa ni chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, hewa nzito, injini inataka mafuta mengi zaidi. Kwa kaboksi ka asilimia hakuna shida, kontrol boksi la kiwandani bado linasoma msukumo wa hewa, wewe umeongeza juu ya hesabu yake. Shida ni kwa yule aliyetupa boksi la kiwandani akaweka lile linalosoma resi na mizunguko peke yake, huyo akirekebisha Mbeya akashuka Kyela na resi yote anaweza kutoboa pistoni kabla hajaona maji. Uliza kabla hujanunua.

Mlio nao upunguze. Weka kile kizibo cha ndani ya mdomo chenye bolti moja, ukiwa porini unatoa, ukirudi mjini unarudisha. Trafiki wanakamata, NEMC, wale wa baraza la mazingira, nao kelele ni kazi yao, na sisi tunaopita pale hospitali ya rufaa saa tano usiku tunajua ndani kuna watu gani.

Nati za shingoni zikaze tena baada ya safari ya kwanza ndefu, injini ikiwa imepoa kabisa. Gasketi mpya inabondeka ikipata joto, zangu ziliingia robo raundi nzima.